Mwaka Niliokusanya Viko vya Magunzi

Gogo Selina, bibi aliyewahi kunipangisha chumba, alizikwa Jumamosi moja mwezi uliopita, nami nilikwenda kumzika, ingawa kwa siku tatu nzima nilikuwa nikijitafutia kisingizio cha kutokwenda. Mjukuu wake ndiye aliyenipigia simu. Alisema bibi aliacha karatasi yenye majina ya watu wa kupewa habari, na langu alikuwa ameliandika "Thumani", bila ile A ya mwanzo, kama alivyokuwa akiniita siku zote. Nina miaka arobaini na sita sasa. Nauza simu na makava yake mtaa wa Mayfair, jirani na Wasomali, msikiti uko hatua chache kutoka dukani, na wanangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza. Ni maisha ya mtu aliyetulia. Lakini gari lilipoiacha barabara kuu na kuanza kuteremka kuingia kitongoji cha Alexandra, kwenye robot ya kwanza taa ilibadilika kuwa kijani nami nikabaki nimesimama mpaka wa nyuma waliponipigia honi. Hakukuwa na la kuogopesha pale. Mama mmoja alikuwa anavuka na kabichi mbili, watu watatu walikuwa wamepanga foleni mbele ya spaza, duka dogo la mtaani. Hata hivyo nilifunga milango ya gari.

Kwenye hema la msiba nilipewa sahani ya wali, nyama ya ng'ombe na bitiruti, nikakaa nyuma. Mbele yangu walikaa bibi wawili waliojifunga mablanketi, na kwa kuwa Kizulu changu sasa ni kizuri kuliko wanavyodhani, niliwasikia. Mmoja aliuliza mimi ni nani. Mwenzake akamjibu kwa sauti ya chini, "Ni yule wa viko." Yule wa kwanza aligeuka akanitazama, kisha akavuta kiti chake pembeni kidogo, na sikujua kama alikuwa ananipisha nione au ananikimbia. Miaka yote hii, na bado mimi ni yule wa viko.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane nilipopanga kwa Gogo Selina. Yadi yake ilikuwa na vyumba vinane vya matofali na mabati, bomba moja, choo kimoja, na mlango wa chumba chetu ulitazamana na mlango wake, hatua tano hivi katikati. Niliishi na Faustin, Mkongomani wa Uvira, mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi Braamfontein. Godoro lilikuwa moja, lakini hatukugombana kamwe, maana yeye alilala mchana na mimi usiku. Mimi nilifanya kazi ya kupakia vyombo vya watu wanaohama nyumba. Tulionana asubuhi, nikitoka na yeye akiingia, na Jumapili, siku ya kupika pamoja. Tulikula ugali wa hapa, mweupe na laini kuliko wa kwetu Tanga, na kabichi na samaki wa kopo ambao Faustin aliwatilia mawese mpaka chumba kizima kikanuka harufu ya kwao Uvira. Kwenye kona tulikuwa na jiko la mafuta ya taa, juu yake kalenda ya duka la magodoro, na ukichungulia dirishani uliona maghorofa ya Sandton, mtaa wa matajiri, yakiwaka taa ng'ambo ya pili, karibu kiasi cha kudhani ungeweza kuita mtu akaitika.

Kiko cha kwanza nilikitoa kwenye takataka. Tulikuwa tunahamisha nyumba ya ajuza wa Kizungu aliyepelekwa kwenye nyumba ya wazee, na watoto wake walituambia tutupe kila kilichokuwa kwenye stoo. Ndani ya kopo la biskuti nilikuta gunzi la hindi lililochimbwa katikati, limeungua ukingoni hadi kuwa jeusi, na ubavuni limechomekwa mrija wa tete wenye alama za meno. Kwetu gunzi ni la kuwashia moto, au mtoto anasugulia sufuria. Hapa mtu alikuwa amelichonga, akalivutia tumbaku miaka na miaka, na mwingine akalifunga kwa kitambaa akalihifadhi. Nilikitia mfukoni. Usiku ule, badala ya kulala, nilikaa nacho nikikigeuzageuza.

Gogo Selina alipokiona alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alikuwa amezaliwa shambani Free State, na baba yake alivuta kiko cha namna hiyo. Alinieleza kwamba gunzi zuri ni la mahindi ya zamani yenye punje nyekundu, kwa sababu lilikuwa gumu, si kama haya ya siku hizi yanayobonyea. Lilianikwa juu ya dari ya jikoni msimu mzima, likachimbwa kwa waya uliotiwa moto, na mvutaji alikivuta taratibu mara za kwanza mpaka ndani kiwe na ganda la masizi, la sivyo kingeungua chote. Akanielekeza kwa bibi wa mtaa wa nyuma aliyekuwa nacho kimoja. Yule akanielekeza kwa mwingine. Nilianza kwenda kwa wazee kila Jumapili mchana, na kifurushi cha tumbaku, betri za redio, pakiti ya chumvi, nikabadilishana nao. Nilijifunza kutambua cha zamani na cha juzi: mrija wa tete ulitangulia ule wa mpira mgumu mweusi, na cha zamani sana kilikuwa chepesi mkononi kama kifuu. Kimoja kilizungushiwa waya wa shaba ulioletwa kutoka mgodini. Kingine kilikuwa na msalaba mdogo uliochongwa na mtu asiyejua kuchonga. Nilivipanga kwenye trei za mayai chini ya kitanda, kila kimoja na shimo lake, nikivikagua kwa tochi nisije nikakuta fukusi. Kiangazi kilipoisha nilikuwa na thelathini na kimoja, na sikutaka kuuza hata kimoja. Nikijiuliza sasa nilikuwa natafuta nini, najibu kwamba katika mji ambao hakuna aliyejua jina langu sawasawa, niliingia nyumba za watu, nikakaribishwa kiti, nikaambiwa habari za baba zao. Lakini hilo ni jibu la leo. Wakati ule nilikuwa na uchu tu.

Faustin hakuvipenda. Alisema ni vitu vya midomo ya watu waliokufa, na yeye analala juu yake. Nilimcheka.

Mzee Jotham, tuliyemwita Mkhulu, yaani babu, kama wote walivyomwita, ndiye aliyenipa cha mwisho. Aliishi mitaa mitatu kutoka kwetu pamoja na mwanawe Vusi, fundi wa magari, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, asiye na maneno mengi. Kiko cha Mkhulu kilikuwa cha baba yake. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona, rangi ya asali iliyoungua, mrija wake umerekebishwa kwa uzi wa kushonea viatu. Mara tatu nilikiomba, mara tatu alikataa. Mara ya nne nilimkuta peke yake, anatetemeka, blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Nilimpa tumbaku na blanketi jipya. Alikishika kiko muda mrefu, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni mtoto wa nani, halafu akanipa. Nilijua hakuwa na akili zake sawasawa siku ile. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi sikulisema. Nilijua, na nilikichukua, na nilitembea haraka kurudi nyumbani nisije nikaitwa.

Haikufika wiki tatu akafariki. Kabla ya kuzikwa, ndugu walitafuta kile kiko ili wakiweke naye kaburini, kwa kuwa ndicho alichokitumia kuzungumza na wazee wake waliotangulia. Hawakukipata. Nilizisikia habari hizi bombani, nikiwa nimeinama nakinga maji. Wanawake wawili nyuma yangu walikuwa wanasema kwamba kuna mgeni anayepita nyumba kwa nyumba kununua midomo ya wazee, na kwamba mzee akishauza mdomo wake hakai. Mmoja alisema vinapelekwa kwao kufanyiwa dawa. Ndoo ilijaa ikamwagika miguuni mwangu, na nilisimama pale nikiiangalia.

Vusi alikuja Jumapili, saa nne asubuhi, amevaa shati jeupe na kitambaa cheusi cha msiba kimebanwa kwenye mkono. Alibisha hodi, akasubiri. Hakuwa na hasira. Alizungumza Kiingereza taratibu ili nielewe. Alisema ameambiwa kwamba mimi hukusanya viko, na anataka kujua kama cha baba yake kimefika kwangu, kwa kuwa wakikipata watakichimbia kaburini na mambo yatakwisha. Alisema kama nilitoa kitu kukipata, atanirudishia. Faustin alikuwa amelala kitandani, amejifunika uso. Trei za mayai zilikuwa chini yake, na kiko chenyewe kilikuwa hatua mbili kutoka kiatu cha Vusi.

Nikamwambia sinacho.

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi sana. Niliogopa kwamba nikikitoa nitakuwa nimekiri kwamba mimi ndiye niliyemmaliza mzee. Hiyo ndiyo sababu ninayopenda kuitoa. Nyingine ni kwamba nilikitaka. Vusi alitazama chumba chote, kalenda, jiko, miguu ya Faustin, akashukuru, akaondoka.

Baada ya siku ile hofu ilihamia chumbani kwetu. Watoto waliokuwa wakiniamkia waliacha. Mwenye spaza alianza kuniwekea chenji juu ya meza badala ya mkononi. Jioni kulikuwa na mikutano ukumbini, na waliokuwa wakipita nyuma ya ukuta wetu kurudi makwao walizungumza kwa sauti kubwa kuhusu amakwerekwere, yaani sisi, tunaochukua kazi, tunaochukua nyumba, na mara moja nikasikia, waziwazi, tunaochukua hata viko. Faustin alirudi kutoka kazini na habari kwamba wenye kutafuta wageni wanamwonyesha mtu kiwiko na kumtaka akitaje kwa Kizulu, na asiyejua anapigwa. Tukawa tunafanya mazoezi wakati wa chai, yeye akigusa mkono wake, mimi nikisema *indololwane*, ulimi ukinikwama. Kwetu Tanga kiwiko kinaitwa pia kiko cha mkono, na kila nilipolitafuta lile neno la Kizulu, kilichonijia kwanza kilikuwa kiko. Faustin aliniambia nivipeleke vile vitu mbali. Nilisema wiki ijayo. Nilivitoa chini ya kitanda nikavitia kwenye sanduku la nguo, nikaweka mashati juu yake, nikaona nimefanya jambo.

Ilikuwa Mei, baridi imeanza kuuma, moshi wa makaa umelala juu ya mabati. Usiku wa Jumapili tulisikia kelele upande wa mtoni, na asubuhi sikwenda kazini. Faustin alirudi mapema zamu yake ilipokwisha, akasema barabarani kuna matairi yanaungua, akavua viatu, akaanguka kitandani na sare yake. Alikuwa hajalala siku mbili. Nilikwenda bombani na ndoo. Hapo ndipo niliposikia miluzi, halafu mabati yakigongwa, yadi ya tatu kutoka kwetu, halafu ya pili. Gogo Selina alitokea mlangoni kwake, akanishika shati bila kusema neno, akanivuta ndani. Kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, kama desturi ya wanawake wa umri wake, na nyuma ya shuka lililoning'inia kulikuwa na masanduku na gunia la unga. Alinisukuma katikati ya vitu hivyo, chini ya kitanda. Akaketi juu ya kitanda, nikaona visigino vyake vimepasuka, karibu na uso wangu.

Hatua tano. Kama ningeita jina la Faustin wakati ule, kabla hawajaingia yadi, angelisikia. Nilifungua mdomo. Nakumbuka ladha ya vumbi la unga. Sikuita.

Waliuvunja mlango wetu kwa teke moja. Nilisikia kitanda kikiburutwa, sufuria zikianguka, sanduku likimwagwa. Kisha kimya kifupi, na najua kilikuwa kimya cha watu waliokwisha kuviona viko. Mtu mmoja akasema, taratibu, kwa ile sauti niliyoifahamu, "Hiki ni cha baba yangu." Mtu mwingine akauliza viko ni vya nani. Faustin alikuwa na Kizulu cha kutosha kuelewa swali. Angeweza kusema jina langu. Angeweza kuonyesha mlango uliotazamana na wake. Nilikuwa nimebana pua kwa mkono kwa sababu unga ulikuwa unanichokonoa, na bado kikohozi kilinitoka, kidogo, kama cha paka. Gogo Selina akakohoa papo hapo, kwa nguvu, mara tatu, kukifunika.

Faustin akasema, "Ni vyangu."

Sitaandika nilichokisikia baada ya hapo. Kilichukua muda mfupi kuliko unavyodhani. Gari la polisi lilipiga king'ora barabarani, wakatawanyika, na Gogo akatoka na shuka kwenda kumfunika. Mimi nilibaki nyuma ya gunia mpaka mchana, mpaka aliporudi na kunieleza kwamba Faustin amechukuliwa kupelekwa hospitali, anapumua, na kwamba nivae koti la marehemu mume wake, niinamishe kichwa, twende. Alinishika mkono kama mgonjwa anayesindikizwa, tukapita katikati ya watu hadi kituo cha polisi. Njiani hakunilaumu. Aliniambia tu nisimeze mate sana, inaonekana.

Sisi wageni tuliishi kwenye mahema uwanjani pale kituoni, mamia ya watu, tukila mkate na supu na kulala juu ya maboksi. Hospitali haikuwa mbali. Siku ya kumi na sita ndipo nilipokwenda. Kila siku nilijiambia njia si salama, na ilikuwa kweli, lakini nilichokuwa nakiogopa zaidi kilikuwa wodini. Faustin alikuwa amekaa karibu na dirisha, jicho la kushoto limefungwa bendeji ambayo baadaye ilitolewa bila jicho kuona tena, mkono wa kulia kwenye plasta. Nilianza kumweleza. Alinikatiza.

"Mi nilijua uko mule," alisema, kwa Kiswahili chake cha Uvira. "Nilikusikia unakohoa."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningesema ni bya wewe, bangeniacha? Bangekuja kukutoa, bangepiga sisi wote, na ule mama muzee pia, juu alikuficha." Nesi alipita na toroli la chai, akamwekea kikombe upande wa jicho lisiloona, nami nikakisogeza. "Ile siku ule mutu alikuja kuuliza kiko ya baba yake, mi sikuwa nalala. Nilisikia unamudanganya. Nilisema, akitoka nitakuambia urudishe. Sikukuambia. Hiyo njo inanisumbua hapa, Athumani. Si bale batu."

Kisha akaniambia nirudishe vyote. Hakuniomba. Alisema mpaka nirudishe asinione tena kitandani pake.

Gogo Selina alikuwa ameviokota matopeni uani, walikovitupa. Ishirini na vinne vilikuwa vizima, vingine vimepondwa. Kile cha Mkhulu kilikuwemo, kwa kuwa king'ora kilipolia Vusi alikiangusha akakimbia pamoja na wenzake. Julai, watu walipoanza kurudi kidogo kidogo, niliingia Alexandra Jumapili tatu mfululizo, mfuko begani, nikipita mlango kwa mlango. Wapo walioshukuru. Bibi mmoja alikitupa motoni mbele yangu, akasimama akikitazama kinavyoungua. Mlango mmoja ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena, na mkono ukatoka kuchukua. Cha Mkhulu nilikiacha cha mwisho, mpaka nikaona nikingoja zaidi sitakwenda kamwe.

Vusi alikuwa uani, amelala chini ya gari, miguu nje. Nilisema hodi. Alitoka, mikono ina grisi, akanitambua, na hakuinuka. Wanaume wawili waliokuwa wanacheza karata ukutani waliacha kucheza. Nilitoa kiko nikakiweka juu ya boneti, juu ya kitambaa, nikarudi nyuma hatua mbili. Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Aliuliza kama yule mwenzangu yu hai. Nikamjibu yu hai, jicho moja halioni, anarudi kwao mwezi ujao. Aliinamisha kichwa. Alipozungumza hakunitazama.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuja kwako nikakuuliza vizuri."

"Ndiyo," nikasema. "Uliniuliza."

Nilimpa mgongo nikaanza kutembea. Toka lango lake hadi barabara kuu ni mwendo wa kama dakika nne, njia imenyooka, haina pa kujificha, na nyuma yangu sikusikia karata zikiendelea. Nilitembea kawaida kwa sababu nilijua nikikimbia nitakimbizwa, nikisubiri jiwe la kwanza mgongoni. Nilifika barabarani. Jiwe halikurushwa, na nilisimama kwenye kituo cha mabasi nikitetemeka hadi abiria mmoja aliponiuliza kama ni mgonjwa.